Alhamisi ya Pili

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi
napanda ngazi za nyuma na ndoo ya mchele uliokwisha kulowa,
maana mbele ni pao, nyuma ni pangu,
na katikati yetu mlango wa mninga
na Bwana Pinto, mlinzi, mwenye upanga
usiokata hata ndimu.

Kwetu Keko wanajua ninakopika.
"Tausi, hebu sema kweli, ile nyama ni ya nini?"
Ya mbuzi, nasema. Ya Vingunguti. Risiti ninayo.
Wanacheka, lakini ukoko wangu hawauonji,
na mwenye duka akipokea noti yangu
huishika kwa ncha za vidole
akaiinua juani, aone kama ina damu.

Haya, nitasema nilichokiona.
Nimeona glavu nyeupe, jozi ishirini na tisa,
nazifua mimi, kwa sabuni ya mche na buluu kidogo.
Ya Mhandisi Mwakalukwa ina doa la wino halitoki.
Ya Daktari Kiwelu imetoboka kidole cha shahada
na mkewe hataki kuishona.
Nimesikia nyundo, ko, ko, ko,
kisha kimya,
kisha mtu anakohoa,
kisha katibu anasoma:
paa linavuja upande wa bandarini,
ada hazijalipwa na watu saba,
Bwana Hirji kalazwa Muhimbili, nani ataenda Jumamosi?
Siri kubwa niliyoidaka kwa sikio langu
ni kwamba jaji mmoja haruhusiwi tena pilipili.

Wakimaliza, wanavua aproni, wanakuwa watu.
Jaji anamtilia mchuzi karani wa forodha.
Asiyekunywa mvinyo ananyanyua ukwaju wangu,
na gilasi zinagongwa mezani kwa pamoja
hadi masufuria yangu yanaitikia.
Kiti cha marehemu Sorabji hawakikalii.
Miaka mitatu sasa, na bado naambiwa:
Tausi, weka na sahani yake.
Naiweka. Mchele wa mtu asiyekuja
ndio ninaorudi nao nyumbani.

Februari alikuja kijana, kwa mlango wa mbele,
shati limepigwa pasi, begi dogo kwapani.
Yusto, wa Mbagala.
Namba aliitoa kwenye nguzo ya umeme:
JIUNGE, UTAJIRIKE, PIGA SASA.
Laki na themanini alishatuma kwa simu,
za pete, za kadi, za "kufungua njia",
hela ya mama yake ya vikoba.
"Nimekuja kuchukua changu," akasema.
Bwana Pinto akamtazama, upanga ukashuka wenyewe.
"Mwanangu, sisi hatuna namba kwenye nguzo.
Na leo umekuja siku ya michango."

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi zangu.
Nikampakulia. Akaitazama nyama, akanitazama.
Nikachukua pande moja, nikala mbele yake,
nikalamba na vidole.
Basi akala, na machozi yakishuka humo humo,
akala kama anayedaiwa.
Kisha, bila kuambiwa, akakunja mikono ya shati
akaingia kwenye masufuria.

Huko ndani walifika ile salamu ya mwisho,
anayoitoa mlinzi wa mlango, wote wamesimama:
kwa kila aliyekwama popote alipo,
nchi kavu au majini,
apate nafuu, na akitaka, arudi kwao salama.
Yusto akasimama na dodoki mkononi.
"Wanamwombea nani?"
Nikamwambia, sijui.
Hiyo ya chini bado ina masizi.

Walimchangia nauli, na kidogo juu yake.
Haikufika laki na themanini.
Machi hakuja. Aprili hakuja. Sikutegemea.

Ijumaa naanika glavu uani, Keko,
jozi ishirini na nane sasa, Bwana Hirji hakurudi.
Majirani wanavuka upande wa pili wa kichochoro.
Upepo ukija, mikono yote inawapungia,
na mimi, nimebana vibanio mdomoni,
siwezi kuwajibia.